Kijiko cha Kwanza

Kasri la Valbrune, Touraine
14 Januari 1962

Mume wangu Barthélemy,

Nimefika salama. Treni ilichelewa Tours, na gari la watu wa sinema lililokuja kunipokea lilikuwa limejaa magauni ya enzi za bibi zetu, kwa hiyo nimesafiri kilomita arobaini nimebanwa na sketi. Jiko la hapa ni kubwa kuliko ukumbi wetu wote wa wateja. Lina sufuria za shaba arobaini ukutani, na hakuna hata moja iliyoona moto tangu vita. Nimezisugua siku mbili kwa siki mpaka kucha zinaniuma.

Kazi yenyewe si ngumu. Filamu inahusu mpishi wa mwaka 1882 na bwana mwenye nyumba, mwanasheria mjane. Wanapendana miaka kumi bila kuambiana, wanasemeshana kwa vyakula tu. Bi Delphine Aucourt anayeigiza mpishi ni mzuri kama alivyo magazetini, lakini hajui hata kumenya kitunguu. Basi kamera ikishuka mikononi, mikono ni yangu. Uso wake, mikono yangu, na gauni moja tunavalishana kwa zamu. Yupo pia mshauri, Bwana Roubaud, aliyekuwa mpishi wa hoteli kubwa kule Vichy. Kazi yake ni kuhakikisha hatupiki kitu ambacho mwaka 1882 hakikuwepo.

Nimekuachia mitungi kumi na miwili ya kioo kwenye rafu ya baridi: kuku, sungura, supu ya liki. Fungua mmoja kila baada ya siku tatu nne, na uniandikie kila mmoja ulikuwaje. Nataka ukweli, sitaki adabu.

Mkahawa umefungwa hadi Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, kama kila mwaka, kwa hiyo Mauricette hana sababu ya kuja hapo. Hakuna meza ya kuhudumia. Funguo za stoo ya mvinyo nimegundua nimekuja nazo, kwa bahati mbaya.

Wako,
Honorine


Saint-Aubert, Bresse
19 Januari 1962

Mke wangu Honorine,

Kwa bahati mbaya! Funguo zimeshuka zenyewe kutoka kwenye msumari, zikatembea hadi mkobani mwako. Haya. Mimi sasa nanunua mvinyo dukani kwa Perrachon kama mgeni aliyepotea njia, naye anachekelea: "Mzee Chavanel, mke kakufungia stoo yako mwenyewe? Umefanya nini, wewe?" Nimemwambia ajishughulishe na mizani yake.

Mitungi miwili nimeshafungua. Mitamu. Kuku mtamu, sungura mtamu sana.

Sasa na mimi niulize. Huyo Roubaud ana umri gani? Umenitajia umri wa sufuria, umri wa magauni, mwaka wa hadithi, lakini umri wa mtu umekushinda. Tena nakumbuka kitu. Bwana Vauquelin, huyo mwongozaji wako, alipokula kwetu Novemba na kukuomba uende, nilidhani utamkatalia kabla hajafika kwenye jibini ya kumalizia mlo. Wewe, mwanamke ambaye hata Lyon huendi bila kunung'unika wiki nzima, ulikubali kabla sijaileta hiyo jibini. Nilibaki nimesimama na sahani mkononi. Ulikuwa unakimbilia nini, Honorine? Au unakimbia nini?

Ningekupigia simu, lakini Bi Blandine wa posta anasikiliza kila neno na kijiji kizima kinalipata kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo niandikie, na uandike yote.

Mumeo,
Barthélemy


Valbrune, 26 Januari 1962

Barthélemy,

Bwana Roubaud ana umri wa kutosha. Hilo limekwisha.

Unasema mitungi ni mitamu. Yote? Sawasawa? Ungeniambia kama isingekuwa mitamu? Ule wenye uzi wa buluu shingoni ufungue wiki hii, kifuniko chake sikiamini sana. Kisha niandikie.

Hapa tunapika kuku wa nusu matanga, yule yule wa mama yako. Vipande vya uyoga mweusi wa trufi chini ya ngozi nyeupe, kuku anafungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa taratibu. Nimeshapika kumi na wanne. Vauquelin anataka mvuke upande hivi, siyo vile, na mwigizaji wa mwanasheria analazimika kula paja kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Jana aliniambia, "Mama, nikimwona kuku tena barabarani nitavuka upande wa pili." Wao wanataka kizuri cha kutazamwa. Hakuna anayeuliza chakula kina ladha gani. Huwezi kujua inavyopumzisha.

Wameweka pia ule mzaha wa kwetu wa kila meza, kwamba supu ikizidi chumvi basi mpishi kapenda. Mwanasheria anaonja supu, anakunja uso, halafu anaanza kutabasamu kwa sababu ameelewa. Watu wote walicheka kwenye majaribio. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechoka.

Kulikuwa na ugomvi kuhusu mwisho. Vauquelin alitaka wabusiane mbele ya jiko. Nikamwambia mpishi wa kweli habusu mtu jikoni, mchuzi utaungua. Ampe kijiko cha kwanza, basi. Nikawaeleza maana yake kwetu. Bi Aucourt akatoa machozi mpaka akaharibu rangi ya macho. Tutaipiga picha wiki ijayo, na mkono utakaonyoosha kijiko ni wangu. Pete nimeivua, kwa sababu mpishi yule hajaolewa. Usianze.

Honorine


Saint-Aubert, 31 Januari 1962

Honorine,

Naanza.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikufundisha sheria moja tu kabla ya zote: kijiko cha kwanza ni cha mpishi. Askofu alipokuja mwaka thelathini na sita, akaingia mwenyewe jikoni na kijiko chake, mama alimwambia, "Baba Askofu, wewe ni wa pili," na askofu akasubiri. Mara moja tu katika maisha ya mpishi kijiko cha kwanza kinapewa mtu mwingine. Ilikuwa Septemba ya thelathini na nne, siku moja kabla ya harusi yetu, supu ya liki. Mama alijifanya anatafuta kitu kabatini ili atupe mgongo. Ulininyooshea kijiko mkono ukikutetemeka, ukaniunguza mdomo, na mimi nikasema ni supu nzuri kuliko zote duniani. Miaka ishirini na saba sijamsimulia mtu, hata rafiki yangu Bonnamour, ambaye nimemsimulia hata vidonda vya miguu yangu. Wewe umewasimulia watu wa sinema wenye viatu vya kuazima. Hicho hakikuwa chako peke yako kukitoa.

Na pete umevua! Sasa una mikono ya msichana, na mshauri wako mwenye umri wa kutosha anasimama kando anaishauri.

Mtungi wa uzi wa buluu nimeufungua jana. Ulikuwa mtamu kuliko yote. Nimeula nimesimama, nikapangusa hadi chini kwa mkate. Huo umenifurahisha, sitakuficha, japo leo sina hamu ya kukufurahisha wewe.

Mauricette alipita kuchukua aproni yake. Alikaa akanywa kahawa, hatukukaa zaidi ya nusu saa. Nakuambia mwenyewe kabla Blandine hajakuambia.

Barthélemy


Valbrune, 7 Februari 1962

Barthélemy,

Sasa nina hakika kwamba wewe ni mwongo.

Mtungi wa uzi wa buluu sikutia chumvi. Hata punje. Niliufanya makusudi, peke yake kati ya kumi na miwili, na nikaufunga uzi ili niujue. Maji na nyama, chakula cha kumpa mgonjwa wa figo. Nilitaka kuona utasema nini. Umesema mtamu kuliko yote, tena eti umepangusa na mkate! Umekulia kwenye jiko la mama yako, ulimi wako unajua siagi ya ng'ombe wa nani, halafu unaniambia hivyo bila haya. Mtu anayeweza kunidanganya kuhusu supu atashindwa na nini?

Basi na mimi niseme la moyoni. Oktoba, siku ya chakula cha wawindaji. Nilitoka jikoni kuuliza kwa nini sahani za meza ya nne zinachelewa. Ukumbini hukuwepo. Mlango wa stoo ya mvinyo ulikuwa umefungwa, na wewe hujawahi kuufunga ule mlango tangu tuoane. Nikasikia Mauricette anacheka kwa sauti ya kujibana, na wewe unamwambia, "Shh, atasikia." Kisha ukatoka unajifuta mdomo. Naye akatoka nyuma yako, anajinyoosha aproni. Hamkuniona, nilikuwa nyuma ya pazia la kabati la vikombe. Nilirudi jikoni nikaendelea kupika, kwa sababu wawindaji walikuwa ishirini na wawili na mimi ni mmoja.

Tangu siku hiyo nimehesabu. Kila Jumapili mlango huo unafungwa. Kila Jumapili unatoka unajifuta mdomo. Sasa umejua kwa nini nilikubali kabla ya jibini, na kwa nini funguo ninazo mimi.

Bwana Roubaud amepata kazi kwenye filamu nyingine, Normandy, kuanzia mwezi wa tatu hadi kiangazi. Ameniomba niende naye. Sijamjibu.

Honorine


Saint-Aubert, 19 Februari 1962

Honorine,

Nimekaa siku kumi bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilifaa kuwashia jiko. Leo Blandine ameniletea gazeti mwenyewe hadi mlangoni, bila kofia, kwenye mvua, jinsi alivyokuwa na haraka ya kuniona ninavyolipokea. "Mzee Barthélemy, mkeo katoka gazetini, picha nzima!" Nikamshukuru, nikafunga mlango.

Umesimama mbele ya jiko la kasri. Umenyoosha kijiko hadi mdomoni mwa mwanamume. Kofia imemfunika uso, lakini wako unaonekana wote. Unautazama mdomo wake. Miaka ishirini na saba, Honorine, hujawahi kuutazama mdomo wangu namna hiyo, kana kwamba maisha yako yote yanasubiri utakavyofunguka. Nilijiambia labda ni igizo. Nikaenda kwa Bonnamour nikaazima kioo chake cha kukuzia, kile anachotazamia kwato za ng'ombe, nikaitazama sufuria. Ni mchuzi wa krimu. Utando wa juu umevunjwa mahali pamoja tu, pana kama kijiko kimoja. Hukuonja wewe kwanza. Watu elfu hamsini wameiona picha hiyo na ni mimi peke yangu ninayejua walichokitazama.

Kijiko cha kwanza umempa yeye, huyo Roubaud wako. Kwa hiyo usiniambie habari ya mlango wa stoo.

Lakini nitakuambia, maana sitaki uende Normandy ukidhani mimi ni mtu wa kushikana na wahudumu gizani, wakati Mauricette ana umri wa kuwa binti yetu na meno yanamuuma mwaka mzima.

Tangu Pasaka ya mwaka jana chakula chako kina chumvi nyingi. Nimeandika hivyo na mkono wangu haujakauka. Siku ile ya Pasaka padri alikunywa glasi nne za maji juu ya mwanakondoo wako, na alipoondoka akanifinya mkono kama kwenye mazishi. Nilidhani ni bahati mbaya ya siku moja. Jumapili iliyofuata ilikuwa vile vile. Bonnamour akapiga kelele mbele ya ukumbi mzima, "Barthélemy, mkeo kapenda! Mtafute huyo mtu!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Ningekuambiaje? Ningeweza kukuambia umezeeka, umenenepa, hata kwamba dada yako anakushinda kwa keki. Lakini wewe, aliyemrithi mama yangu, nikuambie hivyo? Ndipo nikaweka sufuria ndogo stooni, nyuma ya mapipa, juu ya jiko la mafuta ya taa. Ndani ni supu isiyo na chumvi na krimu. Kila sahani ikitoka kwako inapitia kule. Mauricette anaonja, mimi naonja, tunaongeza upawa wa supu, tunaifuta kingo, tunaipeleka. Ndiyo maana najifuta mdomo. Ndiyo maana anacheka, anaogopa. Kila mara ananiambia, "Bi Honorine akijua atatuchemsha sisi." Miezi kumi hakuna mteja aliyekuacha.

Lakini mzaha wa Bonnamour uliniingia. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita nimeanza kuamini mambo ya mezani. Nilikuwa nikionja kila sahani najiuliza ni nani. Ni mwuza siagi? Ni yule mwalimu mpya? Chumvi ilivyozidi ndivyo nilivyomchukia zaidi mtu nisiyemjua. Halafu ukaja kuondoka kwa haraka ile, halafu akatokea Roubaud.

Na sasa mtungi wako wa buluu. Umeniita mwongo. Sikiliza. Mitungi mingine yote niliyokuambia mitamu, hapo ndipo nilipodanganya. Nimeila hivyo hivyo, sikuongeza hata tone la maji, kwa sababu uliipika wewe na sikutaka kuirekebisha hapa nikiwa peke yangu. Nilikunywa jagi zima baada ya kila mlo. Wa buluu sikudanganya. Niliweka kijiko mdomoni, sikukuta chumvi hata kidogo, nikakaa chini kwenye ngazi. Nilidhani basi, huyo mtu, awaye yote, ameisha moyoni mwako. Nililia, Honorine. Ndiyo maana ulikuwa mtamu kuliko yote.

Wiki moja baadaye ukaandika kwamba ni mtego, na leo nimeiona picha.

Nafungua mkahawa tarehe nne Machi kama kila mwaka. Ukija, njoo. Usipokuja, nitaandika mlangoni kwamba tumefunga moja kwa moja, maana Chavanel bila mpishi wake ni duka la viti.

Barthélemy


Valbrune, 23 Februari 1962

Barthélemy,

Nimesoma barua yako mara tatu nimekaa kwenye kikapu cha viazi. Sijui nianze na hasira au na lile lingine. Nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo iliyo karibu.

Miezi kumi! Miezi kumi sahani zangu zinapita stooni kama watoto wachafu wanaooshwa kabla ya kuingia kanisani! Na Mauricette anajua, na padri anajua, na Bonnamour anapiga kelele ukumbini, na mimi jikoni najidanganya kwamba sahani zinarudi tupu kwa sababu bado ninaweza. Ungenipiga kofi ingekuwa heshima zaidi. Mama yako angekuambia siku ile ile ya Pasaka, mbele ya watu, na ningemchukia wiki moja tu.

Nimemaliza hasira, au nimeiweka pembeni.

Sina pua, Barthélemy. Unakumbuka mafua ya Februari mwaka jana, siku tisa kitandani? Homa ilipoondoka iliondoka na harufu zote. Kahawa, siagi inayobadilika rangi, wewe ukitoka kunyolewa, vyote vimekwenda. Kila nikiwekacho mdomoni ni kama kitambaa kilicholowa. Ulimi unasikia chumvi bado, basi nikawa naongeza chumvi, naongeza, ili angalau kuwe na kitu. Nilidhani itarudi kabla ya Pasaka. Kisha kabla ya kiangazi. Ningekuambiaje? Mimi ndiye mpishi. Ukitoa hilo kwangu, nani amebaki pale jikoni?

Nilianza kuwatazama watu nyuso. Sahani ikitoka nilikuwa nachungulia pazia niwaone wanavyotafuna. Wewe nilikutazama kuliko wote, lakini wewe una uso wa mtu wa ukumbini, unatabasamu hata meza ikiungua. Ndipo nikapika mtungi wa buluu. Sikuwa nakutega kwa ajili ya Mauricette, huyo alikuja juu yake tu. Nilitaka nijue kama kuna mtu mmoja duniani atakayeniambia chakula changu kikoje. Nilipopata jibu lako nikajua hayupo.

Roubaud aliniambia siku ya pili, kabla hata sijamaliza kusugua sufuria. Alionja mchuzi wangu, akautema kwenye beseni, akasema, "Bibi, umeangusha kibati kizima cha chumvi humu?" Halafu akanitazama, akashusha sauti, akaniuliza pua imepotea tangu lini. Alikuwa na mpishi mwenzake Vichy aliyepatwa na hivyo. Nililia kwenye aproni yake. Mwigizaji anayekula yale mapaja anastahili chakula cha kweli, basi Roubaud anaonja na mimi natazama mdomo wake. Akikunja pembe ya kushoto, chumvi imezidi. Akiulamba mdomo wa juu, tumefika. Ndicho ulichokiona kwenye picha. Kama maisha yangu yote yanasubiri, umesema. Ulikuwa sahihi.

Ana miaka sabini na mmoja. Ana meno ya bandia, na huyatoa kwanza kabla ya kuonja, anayaweka mfukoni na tumbaku yake. Kofia haivui kwa sababu kichwa kinapata baridi. Sikukuambia umri wake kwa sababu ungeniuliza basi ananifanyia nini, na jibu lingekuwa hili.

Kuhusu kijiko, umenishinda. Ni kweli nilikitoa, na kilikuwa chetu wawili. Tulipopiga ile picha ya mwisho, mwanasheria alifungua mdomo, na mkono wangu ukaanza kutetemeka wenyewe mpaka mchuzi ukamwunguza. Vauquelin alifurahi, akasema hakuna mwigizaji duniani anayeweza kutetemeka vile. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeona mdomo mwingine, na mama mkwe anatafuta kitu kabatini.

Normandy sijajibu. Najua jikoni mwa watu wa sinema ninaweza kuishi, kwa sababu pale hakuna anayeuliza ladha. Jikoni mwa mama yako sijui. Mpishi asiye na pua nyuma ya mlango ule, Barthélemy, wewe ungemfanyia nini? Usinijibu kama mtu wa ukumbini.

Honorine


Saint-Aubert, 27 Februari 1962

Honorine wangu,

Sijibu kama mtu wa ukumbini. Mwanakondoo wa Pasaka alikuwa hafai. Mchuzi wa kamba wa mwezi wa sita niliumwaga wote nikawaambia wateja paka ameingia. Sungura kwenye mtungi wa tatu alinifanya niote nimepotea baharini, mimi ambaye sijaiona bahari. Supu ya liki inanyweka ukiwa umefumba macho. Kuku wa nusu matanga ni mzuri, huyo hujawahi kumharibu, mikono yako inamjua hata bila pua. Huo ndio ukweli wote nilio nao, na nimeuandika nikiwa nimeloa jasho.

Wewe ulikuwa unawatazama watu midomo nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa stooni naonja nikimtafuta mwanamume wako. Ningekuwa nimetoka hatua sita nikaingia jikoni, yote haya yasingekuwa. Nimezipima leo, ni hatua sita kamili. Nimekuwa mjinga, na tena mjinga mwenye kioo cha kukuzia.

Nimemwambia Mauricette kila kitu. Alilia, kisha akauliza kama bado ana kazi. Nimemwambia hilo ni la Bi Honorine.

Hujauliza, lakini nakuambia: ningekuoa leo ukiwa huna pua, huna macho, na unapika kwa viwiko.

Mitungi yote nimekula. Umebaki mmoja, wa sungura, na nikiuona rafuni koo linanikauka. Niumwage?

Barthélemy


Valbrune, 1 Machi 1962

Barthélemy,

Nafika Jumamosi kwa treni ya saa tisa alasiri. Roubaud nimemjibu, ameninunia kisha akanipa kisu chake kizuri. Funguo zipo, pete ipo kidoleni.

Nikikufungulia mlango, sufuria yako itoe stooni, pamoja na lile jiko la mafuta ya taa, kabla hujatuunguza sote. Iweke jikoni upande wangu wa kushoto, na kiti kirefu kando yake. Wewe utakaa hapo. Sahani zitabebwa na Mauricette, anazibeba vizuri kuliko wewe, na mwambie kazi anayo lakini akicheka namchemsha kweli. Kuanzia Jumapili kijiko cha kwanza ni chako, kila sufuria, kila siku, na mama yako atanisamehe au hatanisamehe.

Mtungi usiumwage. Tutaula pamoja Jumamosi, na jagi mezani. Nataka nikae mbele yako nione uso unaotengeneza.

Honorine